Koti la Chumba cha Barafu

Mji mzima wa Mwanza ulikuwa ukijipepea kwa vipande vya maboksi, na Moza binti Salehe alikuwa akivaa koti la sufu. Kila siku ya Mungu. Lilikuwa koti la jeshi, zito kama gunia lililonyeshewa, ambalo baba yake alirudi nalo kutoka vitani, na kwa kimo cha Moza lilimfika vifundoni. Alilivaa juu ya kanga, akafunga kifungo kimoja kilichosalia, akasukuma mlango mnene wa chumba cha barafu na kuingia kupanga magogo ya barafu ambayo wachuuzi wa samaki wangekuja kuyagombania. Watoto wa mtaa wa Mirongo walimwita Bibi Baridi. Wakubwa nao walimwita hivyo hivyo, ila wao walingoja apite kwanza.

Jina hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Aliolewa Tabora akiwa msichana, akakaa na mume miaka sita, mtoto asipatikane, mwisho akarudishwa kwa baba yake na sanduku lile lile aliloondoka nalo. Tangu hapo akawa mtu wa funguo: za chumba cha barafu, za ghala la chumvi, za nyumba. Nyumba yenyewe ilijaa mashangazi na watoto wa mashangazi, na katika wote hao hakuna aliyemuuliza ameamkaje akasubiri jibu.

Basi fikiria mwenyewe ilikuwaje pale mwanamume alipoanza kuja kila asubuhi, akagonga mlango ule kwa mpini wa bisibisi, akasema, "Mwangaluka, Bi Moza," kisha akangoja.

Mwanzoni salamu hiyo ya Kisukuma aliijibu kwa Kiswahili. Siku hizi alijibu, "Mwangaluka," na kama sauti ilitetemeka, lawama zote alizitupia barafu.

Mwanamume huyo aliitwa Malimi. Alikuwa Msukuma wa Bujora, mrefu, mpole wa maneno, fundi wa betri katika gereji ya Bwana Maige. Suruali zake zote zilikuwa na vitundu vidogo vidogo vilivyounguzwa na asidi. Kilichomleta kwa Mzee Salehe kilikuwa shida ya malori. Bwana Maige alikuwa ameanza kupeleka samaki wakavu Arusha kwa njia ya Musoma, na njia hiyo inapita juu kabisa ya Ngorongoro. Madereva walilala huko, na asubuhi, kwenye baridi ya mwezi wa saba, betri zilikuwa zimekufa. Watu walilazimika kusukuma lori kwenye mteremko mpaka injini ishike. Siku moja lori lilishika kabla watu hawajakaa sawa, likampanda dereva Kashindye mguuni. Bwana Maige akasema basi: ama fundi wake amtafutie betri inayoamka na baridi, ama njia hiyo anaiacha.

Sasa baridi utaipata wapi Mwanza? Ilikuwa kwa mtu mmoja tu, nayo ilikuwa chini ya funguo za Moza.

Malimi alieleza kazi yake mara moja, na Moza akaishika. Betri zinachajiwa zijae. Zinalazwa ndani ya chumba cha barafu tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili, mlango usifunguliwe ovyo, kwa sababu betri ni kitu kizito, hupoa polepole kama chungu cha uji. Ngozi yake inaweza kuwa ya baridi na tumbo lake bado lina joto. Kisha lori linarudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni, betri inatolewa na kufungwa palepale, petroli inafungwa, na stata inaachwa iizungushe injini mpaka betri ichoke. Ikizungusha kwa nguvu, imefaulu. Ikilalamika, haifai.

Na kama zikifaulu? Hilo nalo Moza alilijua, ingawa lilichukua siku nyingi kutamkwa. Bwana Maige angefungua gereji Karatu, chini kidogo ya kilele, na Malimi angekwenda kuisimamia. Angepewa na nyumba. Si safari ya kwenda na kurudi, ni kuhamia.

* * *

Siku moja kabla ya jaribio lililopangwa kuwa la mwisho, waliziingiza betri pamoja. Koti lilikuwa moja, na kama kawaida Malimi alikataa kulivaa.

"Utapata homa," Moza alisema.

"Nikienda Karatu nitavaa nini? Acha nijizoeze."

Aliinama kuweka betri juu ya kibao, na Moza akapata nafasi ya kumtazama bila kutazamwa. Alitazama shingo yake, na mvuke wa pumzi yake uliokuwa ukipanda mbele ya taa. Humo ndani pumzi za watu zilionekana, na mara nyingi alikuwa ameona yake na ya Malimi zikichanganyika hewani. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, na angekufa kwa haya kama lingejulikana.

"Huko juu kukoje?" aliuliza.

"Kashindye anasema asubuhi ni kama humu ndani. Ukungu mpaka huoni mkono wako. Unaamka, unasikia ng'ombe, lakini huwaoni."

"Na watu?"

"Wapo. Ila siwajui, nao hawanijui." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Jioni nitakuwa na jiko langu na redio, kama nitapata redio."

Moza alitazama kipimajoto kilichoning'inia ukutani ili apate pa kuweka macho. Zebaki ilikuwa imejikunyata chini kabisa. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Usiende."

Malimi alisimama na betri ya pili mikononi. Aliiweka chini taratibu sana.

"Umesema nini, Moza?"

Hakumwita Bi Moza. Ilikuwa mara ya kwanza, na wote wawili walilisikia jina lile likiwa tupu.

"Nimesema usiende. Zikishindwa betri, unabaki. Naomba zishindwe. Basi, nimesema, Mungu anisamehe."

"Nikibaki, baba yako atanikaribisha kahawa?"

Moza alirudisha macho kwenye kipimajoto.

"Mimi ni Mkristo wa Bujora," Malimi aliendelea kwa sauti ya chini. "Mama yangu kila Jumapili ananiuliza nitamletea nani, na kila Jumapili ananitajia wasichana wa parokiani. Baba yako akiniona hapa, anaangalia saa. Nikibaki nitakuwa nikigonga mlango huu mpaka lini?"

"Mpaka utakapochoka."

"Sijachoka," alisema, akamtazama sawasawa usoni. Moza akauona uso wa mtu ambaye naye analala peke yake. Kisha Malimi akachukua bisibisi yake, akatoka, na Moza akafunga mlango nyuma yao.

* * *

Mchana ule ule, kabla ya alasiri, msiba ukaingia. Mume wa Odeta, yule mama wa Kihaya anayeuza samaki pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, alikuwa ameanguka na kufariki. Mtoto wao mkubwa alikuwa Bukoba na meli isingemfikisha mpaka kesho yake, na mama alikuwa akililia jambo moja tu: mtoto amwone baba yake kabla hajazikwa.

Mzee Salehe hakuuliza swali. Katika nyumba yake barafu ya msiba haikuuzwa wala haikukataliwa, awe Mwislamu, awe Mkristo, awe mtu asiye na dini. Alifungua mlango wa chumba mwenyewe, akauzuia kwa jiwe, na vijana wa mwaloni wakaanza kubeba magogo ya barafu juu ya magunia, wakienda na kurudi. Mlango ulikaa wazi mpaka jua likashuka. Moza aliposogea na kusema, "Baba, zile betri," mzee alimkatiza.

"Betri haina mama, Moza."

"Ni kweli baba. Lakini nitamwambia Malimi kwamba…"

"Hutamwambia mtu yeyote. Wewe umekulia humu, unajua. Ninachotoa kwa maiti nimempa Mungu. Sikitaji, na wa nyumbani kwangu hakitaji. Nikisikia mtaani kwamba Salehe ametoa barafu yake yote kwa mume wa Odeta, nitakuwa nimejinunulia sifa, basi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa mzee yule. Mwema mpaka unakereka naye.

Walipomaliza, Moza aliingia. Chumba kilikuwa tupu, sakafu imejaa maji, na zebaki imepanda mahali ambapo hakuwahi kuiona. Aliweka kiganja juu ya betri. Ilikuwa vuguvugu kama jiwe la kando ya ziwa jioni. Alifunga mlango, mtambo wa baridi ukaanza kunguruma upya, naye akajua kwamba kufika asubuhi ukuta ungekuwa wa baridi na kipimajoto kingeonyesha baridi, lakini matumbo ya zile betri yasingekuwa yamejua lolote.

Akapanga kuwahi kumwambia Malimi asubuhi. Angesema tu mlango ulifunguliwa, bila kutaja sababu.

Lakini asubuhi alipofika na funguo zake, alikuta lori limekwisha rudishwa mlangoni. Baba yake alikuwa amewafungulia kwa funguo za akiba. Bwana Maige alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, mwenye haraka kama kawaida yake, na Malimi alikuwa ameshafunga waya.

"Piga!" Maige aliamuru.

Stata ikaita. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka kwa nguvu, na Malimi akawa anahesabu kwa Kisukuma chini ya pumzi mpaka akapoteza hesabu na kuanza kucheka. Betri ya pili hivyo hivyo. Maige alimpiga fundi wake begani.

"Nilikwambia! Wiki hii unapanda Karatu, baba. Leo hii natafuta mzigo." Akaingia kwenye gari lake dogo na kuondoka kabla vumbi halijatulia.

Malimi aligeuka akamtafuta Moza kwa macho. Furaha na huzuni vilikuwa usoni mwake kwa pamoja, na laiti Moza angeweza angempa mkono na kumtakia safari njema. Badala yake alimsogelea na kusema polepole:

"Malimi, usizihesabu hizo. Hazikupata baridi."

"Kipimajoto kimeonyesha…"

"Kimeonyesha baridi ya alfajiri. Jana mlango ulikaa wazi. Ndani hazikupoa."

Cheko lilikauka mdomoni mwa Malimi. "Ulikaa wazi? Nani aliufungua?"

Moza alizifumbata funguo mkononi.

"Nakuuliza, Moza. Funguo unazo wewe. Nani aliufungua?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi." Malimi alizikunja nyaya za betri moja moja, na kila moja alikuwa akiikaza kupita kiasi. "Jana umeniambia unaomba zishindwe. Leo zimefaulu, tajiri ameshuhudia, sasa unakuja na mlango ambao haukufunguliwa na mtu."

"Unadhani nakudanganya?"

"Nadhani hutaki niondoke. Hilo umelisema mwenyewe."

"Nimelisema, ndiyo! Na bado mlango ulikuwa wazi!"

"Basi nipe jina. Nimwendee Maige nimwambie, bwana, tumekosea, kwa sababu mtu fulani alifungua kwa jambo fulani. Nitamwambia nini? Kwamba Bi Moza anajua lakini hasemi? Atanicheka, Moza. Atasema huyo mwanamke amekuroga."

"Tia kipimajoto ndani ya maji ya betri uone."

"Zimeshakaa juani. Sasa zitaonyesha nini?"

Kweli, jua la Mwanza lilikuwa limezipiga na kumaliza ushahidi wote. Malimi aliinua betri moja begani. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hiyo ndiyo iliyomchoma Moza zaidi, maana mtu mwenye hasira tu husamehe haraka, lakini mtu uliyemvunja moyo utafanya nini naye?

"Nilikuwa nimekaa usiku nikifikiri nitamwambiaje mzee wako," Malimi alisema. "Afadhali sikuja." Akaanza kuondoka.

Moza alisimama hapo na koti lake zito juani. Alimwona akikanyaga njia ya gereji, akamwona kwa mawazo huko juu kwenye ukungu, asubuhi, lori limekufa, na yeye Malimi ndiye anayeweka bega nyuma ya lori kwenye mteremko kwa sababu yeye ndiye fundi na betri ni zake. Akamkumbuka Kashindye.

"Malimi! Rudi hapa!"

Mzee Salehe, aliyekuwa kwenye kigoda chake kivulini akimimina kahawa, aliinua kichwa. Moza alimwendea akasimama mbele yake, na Malimi akasimama nyuma, betri ingali begani.

"Baba, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mlango."

Mzee alimtazama binti yake, kisha akamtazama kijana wa Kisukuma, kisha kahawa yake. "Mimi sina la kusema kuhusu mlango."

"Shikamoo mzee," Malimi alisema kwa unyonge.

"Marahaba. Nasikia unasafiri. Mungu akufikishe salama."

Na hapo Moza alielewa kwamba kunyamaza kwa baba yake kulikuwa na sababu mbili, na ile ya pili haikuwa sadaka. Baba alikuwa akimsindikiza mtu.

"Basi nitasema mimi," alisema, na sauti yake ikapanda mpaka wachuuzi wakageuka. "Mume wa Odeta amefariki jana. Mtoto wake anakuja na meli ya Bukoba. Baba ametoa barafu yote, gogo kwa gogo, mlango umekaa wazi tangu mchana mpaka magharibi. Hakuchukua hata senti. Haya, nimesema."

Mzee Salehe aliweka kikombe chini.

"Umenichukulia kitu changu, Moza," alisema. "Nilikiweka mahali pazuri, umekichukua umempa mwanamume."

"Najua, baba. Nisamehe. Yule Kashindye ana watoto wanne, na huyu hana hata mmoja. Sikuweza kunyamaza."

Malimi alikuwa ameishusha betri. Alimtazama Moza kwa muda mrefu, na watu wote wakaona anavyomtazama, wala hakujificha.

"Zichajiwe upya, zirudishwe ndani," alisema hatimaye. "Nitakwenda kwa Maige mwenyewe."

* * *

Safari hii mlango haukufunguliwa. Moza alikaa mbele yake siku nzima kama mtu anayelinda maiti. Asubuhi iliyofuata betri zilitoka zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda, Maige akiwa amenuna ndani ya gari lake, na Malimi akafunga waya.

Stata ilitoa sauti ya ng'ombe mgonjwa. Ilizunguka kidogo, ikasita, ikanyamaza. Betri ya pili haikufika hata hapo.

Maige alitema mate dirishani. "Basi njia ya Ngorongoro imekwisha," alisema, akaondoka.

Anabaki. Moza alilisikia neno hilo likimpanda kifuani, tamu mpaka likamtia aibu. Anabaki, anabaki. Malimi alikuwa amechuchumaa kando ya betri, akivuta maji yake kwa kibomba cha kioo chenye mpira, cha kupimia nguvu ya asidi, akikiinua kwenye mwanga, akitazama kielea kilichomo ndani. Alivuta tena kwenye tundu jingine. Kisha akakaa chini kabisa, vumbini.

"Nisamehe kwa siku ile," alisema bila kugeuka.

"Nilishakusamehe siku ile ile."

"Moza, najua kwa nini zimekufa."

Moza alisogea karibu.

"Asidi. Tangu nimefundishwa kazi hii tunachanganya ya Mwanza, tunaipunguza nguvu kwa maji, kwa sababu joto la hapa likikutana na asidi kali linakula betri. Kila lori linaloondoka hapa linapanda Ngorongoro na maji ya Mwanza tumboni. Sijawahi kufikiri. Nikiichanganya kali, itaamka." Aliweka kibomba chini. "Hakuna anayejua. Maige ameshaondoka. Nikinyamaza, nabaki."

Kulikuwa na kelele za wachuuzi mwaloni, na korongo walikuwa wakigombania matumbo ya samaki. Moza alifunga na kufungua kile kifungo kimoja cha koti. Laiti angekuwa mwanamke mwingine! Alikuwa amelitaka jambo hili kwa roho yake yote, na sasa limeletwa mpaka miguuni, anatakiwa tu anyamaze.

"Na madereva?"

"Maige ameiacha njia."

"Ameiacha leo. Mwakani samaki wakikosa bei hapa atairudia, na maji yale yale tumboni." Alishindwa kumtazama. "Kashindye bado anatembelea mkongojo, Malimi. Kamwambie."

"Ukisema niende, nitakwenda."

"Sijasema uende. Nimesema kamwambie."

"Ni kitu kimoja, Moza."

"Najua ni kitu kimoja," alisema, akaanza kulia.

Jioni ile, jua likiwa bado liko juu ya ziwa, Malimi alikuja na shati safi. Alipiga magoti kidogo mbele ya kigoda cha Mzee Salehe, kama wafanyavyo kwao mbele ya wakubwa, na Moza alisimama nyuma ya pazia la mlango akisikiliza.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya Bi Moza. Ningependa kumwoa."

"Nilijua utakuja," mzee alisema. "Wasukuma ni watu wema, sina neno nanyi. Na wewe umerudi ukamwambia tajiri wako kwamba umekosea, nimesikia. Lakini wewe ukifa, kijana, mimi sijui nikusalie vipi. Na mama yako huko Bujora hajui amfanyie nini binti yangu."

"Nikisilimu, mzee?"

Mzee aliinama mbele. "Utasilimu kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya Moza?"

Sema Mungu, Moza aliomba nyuma ya pazia. Sema Mungu tu, neno moja. Nani atakufungua moyo aangalie?

Malimi aliinua uso, akamtazama mzee machoni.

"Kwa ajili ya Moza," alisema.

"Umesema kweli," Mzee Salehe alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Ungenidanganya ningekupa. Kwa sababu ya kweli yako, siwezi."

* * *

Asidi kali ilifanya kazi yake. Betri zilitoka kwenye barafu na kuizungusha injini kama zilikuwa zimelala kwenye pamba, Maige akarudisha furaha yake, na lori likapakiwa.

Siku ya kuondoka, Malimi aligonga mlango kwa mpini wa bisibisi.

"Mwangaluka, Bi Moza."

Moza alitoka. Lori lilikuwa barabarani, limewashwa, dereva akiangalia pembeni kwa adabu.

"Mwangaluka."

"Sitakuahidi kitu," Malimi alisema. "Nimefikiri usiku kucha nikuahidi nini, na kila kitu kilikuwa uongo."

"Usiniahidi."

"Nitakukumbuka kila asubuhi. Hilo si ahadi, ni jambo litakalotokea tu."

Moza alifungua kifungo kimoja. Alilivua lile koti, na bila koti alionekana mdogo, mwanamke mwembamba wa kanga za kawaida. Alimwekea Malimi mabegani, akamvutia kola shingoni, na vidole vyake vikagusa ile shingo aliyokuwa akiitazama muda wote huo. Malimi alifumba macho.

"Lina baridi," alisema.

"Litapata joto ukilivaa."

"Na wewe utaingia na nini?"

"Nenda, Malimi. Lori linakungoja."

Alikwenda. Moza hakulisindikiza lori kwa macho mpaka lipotee, kwa sababu wachuuzi walikuwa wakimwita.

Kesho yake alifika kabla ya watu, akafungua mlango mnene na kuingia na kanga zake tu. Baridi ilimshika papo hapo, ikampitia mikononi, ikamfika mifupani. Alisimama katikati ya magogo ya barafu, akaiona pumzi yake ikipanda mbele ya taa, moja, peke yake. Huko juu sasa kumepambazuka, alifikiri. Ameamka. Anasikia ng'ombe na hawaoni. Aliyaacha meno yagongane, maana hapa ndipo pekee Mwanza nzima ambapo angeweza kuhisi anachohisi Malimi.

"Moza?" Sauti ya baba yake ilikuja kutoka nje. "Unafanya nini humo muda wote huo?"

"Najaribu baridi, baba."

"Koti liko wapi?"

"Limekwenda Karatu."

Alisubiri aambiwe atoke. Alisubiri ukali, au mawaidha, au jina la mgane fulani wa Ujiji anayetafuta mke. Hayakuja. Kwa muda mrefu hakusikia chochote ila mtambo ukinguruma, kisha akasikia kigoda kikiburutwa juu ya saruji, na Mzee Salehe akiketi nje ya mlango, akimngoja.